Namna ya Kuwaona na Kuwapiga Picha Wanyama katika Msitu wa Amani

Mtu aliyezoea kupiga picha za wanyama Serengeti au Mikumi, ambako gari humsogeza karibu na mwanga haukosekani, anapoingia kwa mara ya kwanza katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mara nyingi hutembea saa tatu nzima na kutoka na picha za majani matupu. Kamera yake haina kosa, na wanyama hawajahama. Mbugani mtu humwona mnyama kwanza akamwendea. Msituni mnyama husikika kabla ya kuonekana, na kwa kawaida yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kumwona mtu. Kwa hiyo mwongozo huu unahimiza kusimama kuliko kutembea, na kusikiliza kuliko kutazama. Katika miaka ninayokwenda Amani, karibu kila picha ninayoithamini niliipata nikiwa nimetulia mahali pamoja.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina ukubwa wa hekta zipatazo 8,380, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukitoka Muheza mjini, mkoani Tanga, unafika kwanza lango la Sigi, kwenye msitu wa mabondeni wenye joto, kisha barabara inapanda kwa kona nyingi hadi Amani penyewe, kwenye mwinuko wa takribani mita 900, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea mwaka 1902. Ni vyema kuijua tofauti ya sehemu hizi mbili kabla ya kupanga siku yako. Sigi kuna mto, vipepeo wengi na ndege wa mabondeni. Juu kuna ukungu, baridi ya asubuhi, miti mirefu sana, na mashamba ya chai yanayopakana na msitu kwa kilomita nyingi. Mgeni mwenye siku moja tu ningemshauri achague juu, na hasa huko kwenye mpaka wa chai na msitu, kwa sababu zitakazoonekana baadaye.

Maandalizi

Lipia kiingilio na uombe mwongozaji wa hifadhi, hata kama unazijua njia. Sababu si usalama peke yake. Mwongozaji anayepita njia hiyo kila wiki anaujua mti uliozaa sasa, anajua mbega walilala upande gani jana, na anazitambua sauti ambazo mgeni huzisikia kama kelele moja isiyo na maana. Mweleze mapema kwamba hutaki kumaliza njia, unataka kukaa. Waongozaji wengi wamezoea wageni wenye haraka, nao hufurahi wakiambiwa hivyo.

Vaa nguo za rangi ya majani, udongo au kijivu, zilizo laini na zisizokwaruza unapotembea; koti la nailoni linalolia kila mkono unapopita ubavuni ni adui mkubwa kuliko rangi nyekundu. Usivae kabisa nguo za mabaka ya kijeshi, ambazo kwa sheria za Tanzania raia haruhusiwi kuzivaa. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na viatu viwe na nyayo zinazoshika, kwa maana udongo wa Amani huteleza hata wiki moja baada ya mvua. Unapokuta gogo limelala njiani, kanyaga juu yake kwanza, tazama upande wa pili, ndipo ushuke, kwa kuwa nyoka moma hupenda kulala kwenye majani makavu kando ya magogo na rangi yake hufanana nayo kabisa.

Kuhusu majira, Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukungu, lakini mvua huwa imepungua. Masika ya Machi hadi Mei ni shida kwa anayetaka ndege na mbega, ila ni neema kwa anayetafuta vyura na vinyonga.

Kutembea na kusimama

Anza saa 12 asubuhi, kabla jua halijaufikia msitu. Tembea hatua kumi au kumi na tano, kisha simama kwa muda unaolingana na mwendo huo mara tatu au nne. Unaposimama, simama kweli: begi lisishushwe, zipu isifunguliwe, simu isitazamwe. Mazungumzo na mwongozaji yawe ya mikono, na mkubaliane ishara chache kabla ya kuondoka, kwa mfano kiganja kilichoinuliwa kuwa na maana ya kusimama, na kidole kinachogusa sikio kuwa na maana kwamba kuna kitu kinachosikika.

Macho nayo yana kazi yake. Anayetafuta umbo zima la mnyama hataliona, kwa sababu msituni mnyama haonekani mzima. Huonekana mkia unaoning'inia, sikio, au tawi moja linaloyumba wakati mengine yametulia. Tazama kwa upana bila kukazia macho mahali pamoja, uache macho yavutwe na kitu kinachokwenda kinyume na upepo. Darubini uitumie baada ya jicho kuuona mtikisiko. Ukianza na darubini utakuwa unachungulia msitu kupitia tundu.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nyuma ya mwongozaji wangu, mzee wa kijiji cha jirani, katika njia inayoshuka kutoka bustanini. Alisimama ghafla akainua kiganja mgongoni bila kugeuka. Mimi sikuona wala kusikia kitu. Baada ya kama dakika tano yakasikika majani makavu yakikwaruzwa upande wa kushoto, kimya kikapita, yakakwaruzwa tena karibu zaidi. "Tulia, mwanangu, anakuja mwenyewe," alininong'oneza. Alitokea sange, yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, mabega yake yakiwa na rangi ya kutu na mgongo wa nyuma mweusi, akipindua majani kwa pua na kuokota wadudu. Aliosha uso kwa mikono yake midogo, hatua nne tu kutoka nilipokuwa. Ndipo nikainua kamera kutoka kiunoni, na mwendo ule mmoja ukatosha. Aliruka kama chura mara tatu akatoweka. Tangu siku hiyo, mara tu ninaposikia mkwaruzo huo, kamera huiweka usoni kabisa kabla mnyama hajatokea, hata kama mikono itachoka. Sange hutembea mchana na hurudia sehemu zake za kula, kwa hiyo anayekosa leo ana sababu ya kukaa pale pale kesho.

Sauti za kuzifuata

Kabla ya mapambazuko, au jua linapochomoza tu, mbega dume hunguruma kwa sauti nzito inayosikika ng'ambo ya bonde, na madume wa makundi mengine humjibu. Usikimbilie sauti hiyo papo hapo. Tia alama upande inakotoka, subiri jua litoke, kisha nenda taratibu, kwa maana baada ya usiku wa baridi mbega hupanda kwenye matawi ya juu yanayopata jua la kwanza na kukaa humo wakijipasha moto, mara nyingine kwa saa nzima, manyoya yao marefu meupe ya mabegani yakiwa yamening'inia. Hapa ndipo mpaka wa chai unapofaa. Ukisimama ndani ya msitu utawaona kwa chini, matumbo na mikia, huku anga jeupe likiwa nyuma yao; ukisimama kwenye njia ya shamba la chai, jua likiwa mgongoni mwako, utakuwa unatazama ukuta wa msitu kwa mbele, na mara nyingi mteremko hukuweka karibu sawa na kimo chao. Ukimwona mtoto mweupe mwili mzima kifuani mwa mama yake, ujue amezaliwa karibuni, kwani rangi hiyo huanza kubadilika baada ya wiki chache.

Kima wana kelele zaidi, na kelele zao ni habari. Wakila kwa amani hutoa milio midogo ya kuitana. Dume akianza kulia kwa sauti kali fupi fupi huku wengine wakishuka haraka kutoka kileleni, inua macho, kwa sababu huenda tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, ambaye huwinda kima kama hao, anapita juu. Nimewahi kumpata tai huyo kwenye picha mara moja tu, na aliyenionyesha ni kima.

Hondohondo husikika kwa mabawa yake. Akipita juu ya miti utadhani kuna mtu anayevuta pumzi kwa nguvu kwa mapigo yanayofuatana. Ndege huyu humfaa mpigapicha mvivu, nami nasema hivyo kwa kumsifu mvivu huyo: tafuta mti wa msizi uliozaa, kaa chini ya mti mwingine ulio hatua thelathini au arobaini, na usubiri. Msizi si mti wa asili wa Usambara. Uliletwa na kupandwa, kisha hondohondo wenyewe wakausambaza msituni kwa kula matunda na kudondosha mbegu, jambo linalowasumbua wahifadhi mpaka leo. Kwa mpigapicha, hata hivyo, mti huo uliozaa ni kama meza iliyoandaliwa, maana hondohondo, kima na shorobo huja kwa zamu. Shorobo akiwa ametulia ni ndege wa kijani asiyeonekana. Anapofungua mabawa kuhama tawi ndipo wekundu wake hutokea ghafla, na ni lazima kidole kiwe tayari juu ya kitufe.

Jambo linalowakatisha tamaa wageni wengi ni ule ukimya wa katikati ya asubuhi, unapotembea nusu saa bila ndege hata mmoja. Ukimya huo una maelezo. Ndege wengi wadogo wa msituni hutembea pamoja katika kundi la mchanganyiko, aina kumi au zaidi, wakikagua majani na magome kwa pamoja, mlamba akiwa mlinzi wao. Kundi lisipokuwepo msitu ni mtupu, na likifika miti yote inaonekana kuchangamka kwa dakika chache. Ukilipata, usilifuate kwa nyuma. Tambua linaelekea wapi, zunguka kwa njia, ukalisubiri mbele. Vivyo hivyo, ukikuta safu ya siafu wanaowinda, usiondoke. Simama mbali nao kiasi cha kutoshambuliwa na utazame pembeni ya safu, kwa sababu mkesha mwenye mkia wa rangi ya kutu na ndege wengine hufuata siafu ili wakamate wadudu wanaokimbia.

Kuna wanaopiga sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili ndege waje. Naomba msifanye hivyo. Ndege anayesikia sauti ya mpinzani huacha kiota au chakula kuja kupambana na mtu asiyekuwepo, na njia za Amani ni chache, hivyo ndege yule yule husumbuliwa na kila mgeni.

Mwanga na kamera

Sakafu ya msitu mnene hupata sehemu ndogo sana ya mwanga ulioko nje, asilimia mbili au pungufu, na ndiyo maana kamera inayofanya vizuri mbugani hutoa picha zilizotikisika hapa. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, iwe f/4 au f/5.6, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Chenga, yaani vitone vitone vinavyotokea kwenye picha, zinaweza kupunguzwa nyumbani, lakini picha iliyotikisika haitengenezeki. Kwa mnyama aliyetulia na lenzi yenye kitulizi cha mtikisiko, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/125 ya sekunde inatosha ukiegemea mti. Kwa kima anayeruka usishuke chini ya 1/800. Lenzi ya milimita 300 au 400 inakidhi mahitaji mengi. Ndefu kuliko hapo ni nzito, na msituni hupati nafasi ya kuisimamisha.

Fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali wa picha, iwe ya nukta moja, uiweke kwenye jicho la mnyama. Ukiiachia kamera ijichagulie, itachagua jani lililo mbele, nawe utagundua hivyo jioni.

Mbega ni mtihani wa peke yake, kwa kuwa ni mweusi mwenye manyoya meupe. Akijaza fremu, kamera huudhani weusi wake ni giza na kuongeza mwanga, na manyoya meupe hugeuka karatasi isiyo na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua, kipimo cha kurekebishia mwanga kwenye kamera. Akiwa juu ya tawi na anga jeupe nyuma yake, mambo hugeuka, na usipoongeza hatua moja au moja na nusu utapata kivuli chenye mkia. Picha zangu za mwaka wa kwanza zote ziliharibika kwa mojawapo ya njia hizi mbili. Kwa hiyo sasa, nikishachagua mahali pa kukaa, nachagua kwanza tundu kati ya majani ambamo mnyama anaweza kupita, napiga picha ya majaribio kwenye shina lililo hapo, narekebisha mwanga, ndipo nasubiri. Mnyama akija, kilichobaki ni kubonyeza.

Ukungu usikufukuze. Jua kali la saa tano hutoboa majani na kumpaka mnyama mabaka ya mwanga na giza ambayo hakuna kamera inayoyasawazisha, ilhali ukungu mwepesi huueneza mwanga kila mahali kwa upole, na rangi ya kijani hutoka ilivyo.

Mwenye simu peke yake asikate tamaa. Asivute picha kwa vidole, kwani simu hukata tu na kukuza chenga. Aiweke lenzi ya simu kwenye tundu moja la darubini, ashike vyote viwili kwa mikono yote, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni. Inahitaji mazoezi ya siku moja nyumbani. Simu ina faida nyingine pia, ambayo huonekana usiku.

Vinyonga usiku

Mchana unaweza kupita mbele ya vinyonga ishirini bila kumwona mmoja. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha za matawi na rangi yake hupauka, hivyo mwanga wa tochi ukimpitia huonekana kama jani jeupe lililokunjwa. Omba kibali cha matembezi ya usiku pamoja na mwongozaji, ondokeni kama saa mbili, na shika tochi karibu na jicho lako ili mwanga ufuate mtazamo wako. Pitisha mwanga polepole kwenye ncha za vichaka vilivyo kando ya njia. Vinyonga wakubwa, akiwemo dume mwenye pembe tatu, hulala juu kidogo. Kale kadogo kenye mkia mfupi, kanakofanana na jani kavu na ambako kitaalamu huitwa Rhampholeon temporalis, hulala chini, usawa wa goti hadi kiuno, na hakapatikani popote duniani nje ya Usambara Mashariki.

Usimshike wala usivute tawi. Mwenzako ashike tochi ubavuni, nusu mita kutoka kwa kinyonga, ikiwa imefunikwa leso nyeupe ili mwanga uwe laini, nawe upige kwa kimya na kwa ukaribu. Hapa simu hufanya kazi nzuri sana, na mwenye kamera afunge tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 ili kichwa chote kiwe wazi. Usiku wa unyevu utaona matone madogo ya maji juu ya magamba, na jicho lililozama ndani ya kibonge chake cha ngozi likiwa limefumba. Jicho hilo ndilo kipimo chako. Likifunguka na kuanza kuzunguka, umemwamsha. Zima tochi na uondoke, kwani akishuka gizani anaweza kuwa chakula cha nyoka.

Komba na bundi wasipigwe mwanga wa flashi. Macho ya komba hurudisha mwanga wa tochi kwa wekundu kama makaa, na inatosha kumwona hivyo kwa muda mfupi, mwanga ukiwa pembeni yake. Kilio kikali kinachopanda kama mtu anayenyongwa ni cha perere, mnyama mdogo mla majani anayeishi mitini. Wageni huogopa, lakini ukivumilia kukaa chini ya mti anaolilia, huweza kushuka hadi kwenye panda ya shina.

Ukirudi

Hewa ya Amani ina maji mengi, na kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa ikiwa na unyevu. Futa kamera kwa kitambaa kikavu, itoe kwenye begi la kitambaa, iache mezani mpaka ikauke, kisha iweke kwenye boksi lenye vifuko vya kufyonza unyevu. Asubuhi yake, ukitoka chumba chenye baridi kwenda Sigi kwenye joto, usiitoe kamera kwenye boksi kabla haijapata joto la nje. Vinginevyo kioo kitapata mvuke wakati ambapo ndege wako tayari.

Andika usiku huo huo saa, mahali, sauti uliyoisikia kabla ya mnyama kutokea, na mti aliokuwa juu yake. Kabla ya kuweka picha za vinyonga mtandaoni, futa taarifa za mahali ambazo simu huziandika ndani ya picha, na usitaje njia uliyopita, kwa kuwa vinyonga wa Usambara wamekuwa wakitafutwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa majumbani ng'ambo, na kichaka alicholala kinyonga leo kina uwezekano mkubwa wa kuwa ndicho atakacholala kesho.